Samaki wa Wavu Uliosahaulika

Kila asubuhi kabla ya shule, mjukuu wangu Ivalu alivaa viatu vyake vya mpira, akanywa chai yenye sukari nyingi kupita ninavyoruhusu, kisha akateremka hadi mto unapoingia baharini kuangalia wavu wetu. Goti langu la kushoto lilikuwa limegoma tangu baridi ya mwaka uliopita, kwa hiyo wavu ulikuwa kazi yake, naye alijivunia kweli.

Siku niliyomkabidhi nilimtegea kitendawili.

"Nyumba yangu ina madirisha mengi, mlango haina. Mgeni akiingia hatoki."

"Wavu!" alijibu upesi. "Bibi, hicho ni cha watoto wadogo."

"Haya, mke mwenzangu, kama wewe ni mkubwa, usimwache mgeni akalala humo. Maji yakipwa tu, nenda ukamtoe. Samaki akiozea wavuni tumemuua bure, na hapa Kuussuaq hiyo ni aibu."

Kuussuaq ni kijiji kidogo cha kaskazini ya mbali, kwenye nchi ya barafu, nyumba chache za mbao kati ya mlima na ghuba. Kiangazi kile helikopta ilileta mtambo wa kuchoronga mwamba. Ndani ya mlima wetu, walisema, kuna madini ya kutengenezea simu na betri za magari. Basi kijiji kikagawanyika. Sisi wenye kondoo na nyavu tuliogopa vumbi na maji machafu. Wenye vijana wasio na kazi walitaka mgodi, ili watoto wao wasihamie mjini na kutusahau.

Jirani yangu Nuka aliajiriwa kwenye mtambo ule. Tulibishana kila alipopita dirishani.

"Bibi, ukikataa mgodi, simu yako ikizima usije kwangu!"

"Na wewe ukila samaki wa vumbi, tumbo likikuuma usije kwangu!"

Tukacheka. Kisha akaniachia kipande cha nyama ya sili, mnyama wa baharini tunayemwinda, kama alivyofanya tangu utotoni. Sili wake wa kwanza kabisa aliwagawia wazee, na fungu langu aliniletea mwenyewe, huku pua ikimtoka kamasi. Binti yake Paneeraq alikuwa rafiki mkubwa wa Ivalu.

Ijumaa moja timu ya shule ilikwenda kwa boti kucheza mpira kijiji cha ng'ambo. Ivalu ni golikipa. Walishinda, wakacheza dansi, wakalala huko, na kesho yake ukungu ukawazuia kurudi. Kichwani mwake wavu ulikuwa umefutika kabisa. Aliukumbuka Jumapili, boti ilipokuwa inaingia ghubani.

Alikimbia moja kwa moja mtoni. Wavu ulikuwa umejaa samaki wa mto, wale wenye tumbo jekundu, wote wamekufa, laini kama uji, wamezungukwa na viroboto wa majini. Alilia. Kisha akawanasua mmoja mmoja, akawatupa nyuma ya mawe akitumaini maji yatawachukua, akaja nyumbani.

"Umepata nini?" nilimuuliza.

"Leo hamna kitu, Bibi."

Nikamwamini; nilidhani aliuinua wavu majini kabla ya safari. Kwa nini nisimwamini?

Maji hayakuwachukua samaki wale. Yaliwapanga ufukweni, chini kidogo ya kambi ya mtambo. Jumatatu Mzee Enok, mwenyekiti wetu, aliwakuta shakwe, ndege wa baharini, wakiwadonoa. Habari ilizunguka kijiji kabla chai haijachemka: mtambo umeua mto! Mtu akasema alimwona Nuka akiosha pipa la dizeli. Mwingine akasema alimwona mara mbili. Nami, Mungu anisamehe, niliamini haraka, kwa sababu habari ile ilikuwa upande wangu.

Shuleni watoto wakamzunguka Paneeraq. "Baba yako muua samaki! Leo mnakula nini kwenu, dizeli?" Ivalu alikuwa amesimama palepale. Hakucheka, lakini hakusema neno.

Jumatano ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Paneeraq. Kwetu siku hiyo mlango haufungwi. Kahawa iko jikoni, keki ziko mezani, na kijiji kizima huingia na kutoka tangu mchana. Hakuna anayealikwa na hakuna anayefukuzwa. Ukitaka kujua kama karamu imenoga, tazama viatu mlangoni, kwa maana kila mtu huvua vyake nje. Mimi nilisema goti linaniuma. Liliuma, ni kweli, lakini si kiasi hicho. Ivalu akaenda peke yake na zawadi ya soksi nilizofuma.

Alikuta mlango wazi na hakuna kiatu hata kimoja.

Keki zote zilikuwa nzima. Paneeraq alikuwa amekaa kwenye kiti cha heshima, amevaa mkufu wake wa shanga, macho mekundu.

"Umekuja," alisema. "Nilidhani na wewe umenichukia."

Nuka alimkatia Ivalu kipande kikubwa. "Kula, mwanangu, usiogope. Keki haina dizeli." Alijaribu kucheka. "Kuleni mshibe, maana meli ya Jumamosi tunahamia mjini. Siwezi kuishi mahali ambapo watu wananipita kama jiwe."

Ivalu alikirudisha kipande mezani. Akatoka mbio, akaacha hata viatu vyake.

Nilimwona akija juu ya changarawe na soksi tupu.

"Bibi, kile kitendawili," alisema akihema. "Nyumba ya madirisha mengi. Wageni walilala humo. Walilala siku mbili." Akaniangukia mapajani, akanieleza yote.

Hasira ilikuja, nikaingoja ipite. Halafu nikachukua fimbo yangu.

"Tunakwenda wapi?"

"Ukumbini. Wako kwenye mkutano sasa hivi, wanazungumzia mto."

"Watanichukia, Bibi."

"Labda. Nitakushika mkono."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Nuka naye alikuwa ameitwa kutoka nyumbani kwake, akatutangulia kufika; alikuwa amesimama mbele, kofia mkononi. Ivalu alikuwa bado na soksi zake chafu. Akasema, kwa sauti ndogo lakini bila kuruka kitu: "Samaki wale ni wangu. Waliozea kwenye wavu wetu nilipokwenda kwenye mpira. Niliwatupa mimi. Baba Paneeraq hakumwaga chochote."

Mzee Enok akakuna kidevu. "Ndiyo maana niliona alama ya uzi kwenye shingo ya mmoja. Nikajiambia ni shakwe. Nilitaka iwe shakwe."

Sofus, mwenye kondoo wengi kuliko sote, akainuka kwa hasira. "Si ungenyamaza tu, mtoto! Tulikuwa tumeshashinda!"

"Kaa chini, Sofus," nilisema. "Mimi sitaki mgodi, na kesho pia sitautaka. Nina sababu zangu, na zote ni za kweli. Tukichanganya na uongo mmoja, siku mto ukichafuka kweli nani atatusikiliza?"

Nuka alimsogelea Ivalu. Kisha akapumua kama mtu aliyetua mzigo, akamshika kichwa. "Golikipa wetu," alisema, "mpira wa wenzako unaudaka, wavu wa bibi yako unakushinda!" Watu wakacheka, na ukumbi mzima ukapumua.

Halafu Nuka akaongeza: "Mimi nautaka mgodi, lakini samaki wale nilivyowaona, hata mimi niliogopa. Mtambo usiguse tena mwamba mpaka maji yapimwe, na wapimaji tuwachague sisi, majibu yasomwe humu mbele ya wote." Mikono yote ikainuka, wa upande wake na wa upande wangu. Wenye mtambo, waliokuwa wamekaa nyuma, wakakubali. Wangefanya nini, kijiji kizima kikisema neno moja?

"Sasa twendeni," nikasema. "Kuna keki zinakauka."

Viatu vilijaa mlangoni mwa Nuka hadi vikamwagika njiani. Sofus aliondoka na vya mtu mwingine. Ivalu na Paneeraq walikaa kiti kimoja, wakila kwa kijiko kimoja, na hakuna aliyetaja tena meli ya Jumamosi.

Tulipokuwa tunarudi, jua bado liko juu ya ghuba, nikamtegea kingine.

"Ukikibeba peke yako kinakuelemea. Ukikitua mbele za watu, kila mmoja anakupunguzia."

Alifikiri mpaka tukafika mlangoni kwetu. "Kosa," alisema.

"Umepata. Kusahau ni kwa kila mtu, mke mwenzangu, hata mimi nimewahi kuunguza nyumba ya kuku. Ila kosa lililofichwa humwangukia asiyehusika. Liseme mapema, likiwa bado dogo."

Akanibusu shavuni. Kisha, bila kutumwa, akavaa viatu vyake vya mpira. Maji yalikuwa yanapwa.