Lugha Isiyo na Hapana

Basi dogo jeupe lilikata kona bila kuwasha taa.

Pilipili akaikata nyuma yake. Aliinamisha Yamaha mpaka goti likakaribia lami, kisha akaongeza moto.

Ubavuni mwa basi waliandika kwa herufi za buluu: BIASHARA, LUGHA, KINANDA NA DANSI. MASOMO YA ZIADA KWA VIJANA WENYE NDOTO.

Ndoto. Alitamani kulitapikia neno hilo.

Sauti ya Mkuu wa Idara ya Upelelezi ikakwaruza sikioni, kwenye kispika kidogo kuliko punje ya mahindi.

"Pilipili, uko wapi?"

"Nyuma yao. Wanaelekea kiwanja cha ndege za mizigo."

"Wangapi?"

"Wasichana kumi na mmoja, dereva, na Profesa."

"Karatasi zao ni halali. Wakishapaa na ndege ya yule tajiri wa nje, wametutoka. Na usifyatue risasi bila sababu. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Najua mtoto wa dada yako yumo humo."

Pilipili akaongeza mwendo.

Huyo mtoto wa dada yake, kitinda mimba wa nyumba, aliyezoeleka kwa jina la Kitinda, ndiye aliyeifumbua kazi hii bila kujua. Jioni moja alikuwa sebuleni akirudia masomo yake ya lugha, anapiga hatua huku na huku, kila hatua na sentensi yake. Mama yake anamtazama, raha tupu.

Pilipili lugha ile aliijua. Aliwahi kuishi ugenini miaka kadhaa akijifanya muuza mazulia. Akategea sikio.

Naitwa fulani, bwana. Nina furaha sana, bwana. Nimekuja kwa hiari yangu, bwana. Pasipoti yangu naomba anitunzie mwajiri, bwana.

"Sasa niombe maji," alimwambia.

Kitinda akacheka. "Hatujafika huko, mama mdogo."

"Basi mwambie mtu akuache."

"Hilo nalo bado."

Miezi sita ya masomo, na hawajafika kwenye maji. Lugha gani hiyo inayomfundisha mtoto kushukuru kabla hajajua kukataa? Pilipili alikwenda bafuni akaupiga ukuta ngumi.

Alimweleza dada yake. Dada yake akamtolea uvivu: "Wewe umezunguka dunia nzima. Mwanangu naye akitaka kuiona, unamzibia njia." Wakanuniana.

Basi Pilipili akajiandikisha darasa la dansi la Jumamosi, kamera ndani ya kifungo cha blauzi. Profesa alifundisha kila kitu peke yake: hesabu za biashara asubuhi, lugha mchana, kinanda na dansi jioni. Mrefu, suti nyeupe, marashi yanayotangulia mlangoni.

"Nikigusa mgongo, rudi nyuma," aliwaambia wasichana. "Yakilia makofi mawili, zunguka. Msifikiri. Kufikiri niachieni mimi."

Kamera ilinasa dansi tu, na dansi si kosa. Kisha leo asubuhi Kitinda hakuwepo kitandani.

Basi lilisimama mbele ya jengo dogo la abiria la kiwanja hicho. Pilipili alifika wakati wasichana wameshapangwa mstari mbele ya dirisha la uhamiaji, sare za kijani, mikono imefungamana tumboni. Kitinda alikuwa wa mwisho. Nje, injini za ndege zilikuwa zinazunguka.

Afisa uhamiaji, mama wa makamo mwenye miwani, alishika muhuri.

"Weka chini huo muhuri, mama," Pilipili alisema, akionyesha kitambulisho.

Profesa akatabasamu. "Mwanafunzi wangu wa Jumamosi. Miguu mizito, lakini bidii anayo."

"Dada, hawa nimewahoji," afisa alisema. "Lugha ya huko naijua, ndiyo kazi yangu. Kila mmoja kaniambia anakwenda kwa hiari yake."

"Uliwauliza kwa mpangilio gani?"

"Ule wa siku zote. Jina, hali, hiari, pasipoti."

"Umewahi kuubadili?"

"Niubadili wa nini?"

Pilipili akamgeukia msichana wa kwanza mstarini, mrefu, mwenye utepe kichwani. Akamuuliza kwa lugha ile, taratibu: "Una njaa?"

Msichana akapiga hatua moja mbele. Alijibu kwa lugha ile ile, akitaja jina lake, akamalizia na "bwana."

"Nani amekupiga?"

Hatua ya pili. "Nina furaha sana, bwana."

"Nyumba inaungua. Utafanya nini?"

Hatua ya tatu. "Nimekuja kwa hiari yangu, bwana."

Afisa akavua miwani. Akautazama muhuri wake kama kitu kilichomng'ata.

"Mungu wangu," alisema. "Kabla ya hawa nimewapitisha wangapi?"

Profesa alishaacha kutabasamu. Alimvuta Kitinda kiunoni, akamsimamisha mbele yake, bastola ya Bereta ubavuni mwa msichana. Mkono wa kushoto ukatua mgongoni.

"Rudi nyuma."

Kitinda akarudi. Mguu wa kulia, wa kushoto, macho chini, kama alivyofundishwa. Machozi yalimtoka lakini hatua haikukosewa. Ukiona hivyo na hasira isikupande, jipime, huenda umeshakufa.

Hatua chache tena, wafike mlangoni.

Pilipili akadondosha kofia ya pikipiki. Akainua mikono yote miwili juu.

"Umeshinda, Profesa. Nenda."

Kisha akapiga makofi. Mawili.

Kitinda akazunguka. Hakufikiri, mwili ulizunguka wenyewe. Na mkono wa Profesa ulioshika bastola, kwa mazoea ya miaka yote ya kucheza na watoto wa watu, ukainuka juu kumpisha.

Ilitosha. Glock ya Pilipili ilichomoka kiunoni ikalia mara moja, Bereta ikaruka sakafuni na damu.

Nje, ving'ora. Magari ya Idara yaliifunga njia ya kurukia, na tajiri wa nje akateremka ngazi za ndege mikono kichwani. Dereva walimkuta chini ya basi.

"Pilipili," Mkuu aliita sikioni. "Nimesikia risasi."

"Moja."

"Sababu?"

"Alikosea hatua."

Profesa alikaa sakafuni, mkono umefungwa kitambaa, pingu kwenye mwingine. Kitinda alisogea karibu na Pilipili.

"Mama mdogo. Kukataa wanasemaje kule?"

Pilipili akamwambia. Ni neno fupi, hata mtoto wa chekechea angelishika siku ya kwanza.

Kitinda akaenda akasimama mbele ya Profesa. Akalisema. Akalisema tena, kwa sauti. Msichana mwenye utepe akalidaka, kisha wote kumi na mmoja, hakuna aliyengoja makofi ya mtu. Nyuma ya dirisha, afisa uhamiaji alikuwa akilia waziwazi.

Profesa akainua uso. Ualimu ulimponza hata pale.

"Hamlitamki sawasawa," alisema.

"Lakini umelielewa," Pilipili alimjibu.

Profesa akainamisha kichwa.

Pilipili akaokota kofia yake, akampa Kitinda simu. "Mpigie mama yako. Mwambie unarudi, na mimi bado nimemnunia."

Akatoka nje, akaiwasha Yamaha.