Tangazo la Tatu

Kila Jumamosi mchana akina mama walisafisha kanisa, na Chiriku alikwenda na mama yake kufuta mabenchi. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na jina hilo la utani alilipata kwa jasho lake. Mtoto yule alikuwa na mdomo! Ukimpa habari asubuhi, jioni utaikuta mtaa wa pili, neno kwa neno.

Jumamosi hiyo Fundi alikuwa kwenye kinanda, akijizoeza nyimbo za kesho yake. Siku za kazi alitengeneza baiskeli karibu na soko, na Jumapili alilipigia kanisa kinanda. Alikuwa mweupe mwenye nywele za singa, kwa kuwa babu yake alihamia hapo kutoka mbali. Yeye mwenyewe alizaliwa mtaani pale, akabatizwa kanisani pale, na ukimtania alikujibu papo hapo kama mwenyeji yeyote. Sasa alikuwa amemchumbia dada yake Chiriku, mshonaji wa nguo. Baba alishakubali, na harusi ilibakiza wiki mbili.

Fundi alipofunga kinanda, Mama Mkubwa alimsifu, Mama akiitikia kwa kichwa. "Mwanangu, una mikono ya baraka!"

"Asante, Mama. Haya, kazi njema," akajibu, akatoka.

Mlango haujatulia vizuri, ndimi zikaanza.

"Kupiga kinanda, apige," alisema Mama Mkubwa akikamua tambara. "Lakini kutuzalia wajukuu? Wale si wenzetu."

Mama alikuwa amepiga magoti akisugua sakafu. Chiriku alingoja amtetee Fundi. Wapi!

"Dada, usinitoneshe kidonda," alisema Mama. "Naona aibu hata kupita sokoni. Watoto wenyewe watakuwa si wa huku wala si wa kule. Afadhali angeolewa na mlevi wa kwetu."

Akajifuta machozi kwa mkono wenye sabuni, sabuni ikamwingia machoni, akalia mara mbili.

"Sasa mbona humwambii Baba?" Chiriku aliuliza.

"Wewe futa benchi. Haya ni ya wakubwa."

Katika kanisa lile, majina ya wachumba yalitangazwa Jumapili tatu mfululizo, na kila mara Mchungaji aliuliza kama kuna mwenye pingamizi. Matangazo mawili yalikuwa yamepita kimya. Tena mwalimu wa watoto alikuwa amewafundisha kwamba ajuaye jambo akanyamaza, huyo na mwongo ni ndugu. Chiriku akajumlisha mambo kichwani mwake. Mama ana pingamizi, Mama analia, Mama anaogopa kusema. Basi mtoto mwema atamsaidia mama yake. Maskini, alidhani anatenda wema.

Jumapili ikafika. Mchungaji akasoma majina mara ya tatu, akauliza, "Yupo mwenye pingamizi?"

"Mimi ninalo," alisema Chiriku, akasimama.

Watu wakacheka kidogo. Mchungaji naye akatabasamu. "Sema, binti."

"Mama anasema Fundi si mwenzetu. Watoto watakuwa si wa huku wala si wa kule. Afadhali Dada angeolewa na mlevi wa kwetu."

Watu wazima na heshima zao wakainamisha vichwa kutazama viatu. Na hakuna hata mmoja aliyeshangaa, kwa sababu maneno yale yalikuwa yameshapikwa katika kila jiko la waumini wale.

"Mama, ni kweli haya?" aliuliza Mchungaji.

Mama alicheka kwa meno tu. "Aa, Mchungaji, utoto huo! Ameyaokota huko barabarani."

Chiriku alihisi masikio yakiwaka moto. Watu wote walimgeukia kama aliyeshikwa akiiba. Alikaa chini, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Fundi akafunga kinanda polepole, akatoka kwa mlango wa pembeni. Dada akamfuata akikimbia. Mchungaji akaagiza wimbo. Upande mmoja ukaanzia juu, wa pili ukaanzia chini, na kabla ya ubeti wa pili wimbo ukafa wenyewe.

Alasiri Dada alirudi nyumbani macho yamevimba. Alilitoa gauni lake la harusi kwenye cherehani, mkono mmoja haujaungwa bado, akalikunja.

"Fundi amesema hataki kunigombanisha na mama yangu," alisema. "Haingii nyumba asimotakiwa. Harusi haipo."

"Mwanangu..." Mama alianza.

"Chiriku ni mtoto, ameropoka. Lakini wewe, Mama, umeniumiza mara mbili. Uliposema, na ulipokana."

Baba alimtazama Mama, akatikisa kichwa, akatoka nje.

Chiriku alijibanza pembeni ya kabati. Siku nzima alikuwa akijiuliza swali moja. "Mama, mimi nilisema uongo?"

Mama alikaa kitandani, akajifunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa. "Hapana, mwanangu. Mwongo ni mimi. Nimekuvua nguo mbele za watu ili nijisitiri mwenyewe." Akalia, na safari hii sabuni haikuwa na lawama.

Kesho yake Mama alimshika Chiriku mkono wakaenda kwa Fundi. Walimkuta amekaa kwenye kreti, magurudumu yananing'inia juu yake, akizamisha mpira wa tairi katika beseni la maji kutafuta tundu.

"Karibu, Mama," alisema, akamsogezea stuli.

Mama hakukaa. "Maneno ya jana ni yangu. Mtoto hakuyaokota barabarani. Niliyasema mimi, tena nimepiga magoti kanisani. Nisamehe."

"Na mimi nisamehe, Shemeji," Chiriku alinong'ona.

"Wewe angalau ulisema nikiwapo," Fundi alimjibu. Aliuzungusha mpira majini, vipovu vikapanda. "Nilijua, Mama. Labda si maneno yenyewe, lakini nilijua. Kila Jumapili tukiambiwa tutakiane amani, watu hupeana mikono, mimi hupiga kinanda. Mnasema najitolea. Kujitolea gani! Naogopa. Nikiacha kupiga nikanyoosha mkono, nani ataupokea?"

Mama aliivuta ile stuli, akakaa.

"Nimekusamehe," Fundi aliendelea. "Lakini kurudi pale... sijui, Mama."

"Njoo Jumapili hii tu. Niliyoyakana mbele ya watu, nitayakiri mbele ya watu."

Fundi alikuja. Mahubiri yalipokwisha Mama alisimama, akashikilia benchi la mbele.

"Jumapili iliyopita nilimsingizia mwanangu," alisema. "Maneno yale ni yangu, na yalikuwa maovu. Nilimsifu Fundi usoni, nikamtukana mgongoni, kwa ajili ya rangi ya ngozi yake tu. Na si mimi peke yangu. Tunajuana."

Mama Mkubwa alianza kutafuta kitu ndani ya mkoba wake, akatafuta sana.

Mchungaji alishusha macho. "Nami niliyasikia maneno haya kitambo," alisema kwa sauti ndogo. "Nikajifanya kiziwi. Mungu anisamehe." Kisha akasema, "Tutakiane amani."

Kinanda kikaanza kama kawaida. Mama alipita katikati ya mabenchi hadi mbele, akamnyooshea Fundi mkono. Fundi aliutazama. Muziki ukakatika katikati ya sauti, akaupokea kwa mikono yake miwili. Baba alikuwa nyuma ya Mama, na nyuma ya Baba mlinzi wa kanisa, na watu wengine wakainuka mmoja mmoja. Hawakuinuka wote. Mama Mkubwa alibaki amekaa na mkoba wake.

Jioni hiyo cherehani ya Dada ililia tena, akiunga mkono wa gauni. Mama na Chiriku walikuwa wakiosha vyombo.

"Mama, kwa hiyo nisiseme tena ninayoyasikia nyumbani?"

"Si wewe wa kuchunga mdomo kwanza, ni mimi," Mama alijibu. "Sikiliza. Neno usiloweza kumwambia mtu akiwapo, usiliseme akiwa hayupo. Na kumdharau mtu kwa rangi yake ni kumwambia Mungu kwamba alikosea kazi. Hilo nililijua tangu utotoni, na bado nilifanya. Ndiyo maana naona aibu."

"Na Mama Mkubwa je? Atakuja harusini?"

Mama alisuuza sahani, akaiinamisha ikauke.

"Sijui. Kesho nitakwenda kwake nimwambie haya haya, yeye na mimi, ana kwa ana. Kumsema hapa jikoni, basi."