Ndala za Samaki za Bibi Tatu

Vua viatu, mtoto. Kaa karibu. Hadithi hii inaanzia miguuni.

Mwamvua anakaa Ujiji, kando ya ziwa, na bibi yake. Jina la bibi ni Bibi Tatu. Nyumba yao ina mlango wa bluu na sakafu ya saruji.

Sakafu ya saruji ni baridi. Na miguu ya Bibi Tatu haipendi baridi. Ikigusa sakafu, inauma mpaka magotini.

Mwamvua ana mjomba. Anaitwa Mjomba Hamimu. Anauza mitumba sokoni.

Kila Mjomba Hamimu akifungua belo, hukuta kioja. Siku moja alikuta birika lenye mkonga wa tembo. Siku nyingine alikuta saa ya ukutani inayobweka. Kila saa ikitimia, inasema, "Wau."

Saa hiyo aliileta kwa Bibi Tatu. Birika pia. Bibi alisema nyumba yake sasa ina wanyama wengi kuliko porini.

Halafu Mjomba Hamimu akaleta kioja kikubwa kuliko vyote.

Zilikuwa ndala. Lakini zilikuwa samaki.

Zina magamba ya mpira, ya kijivu. Zina macho ya duara. Zina mkia nyuma ya kisigino. Na mdomo uko wazi mbele. Ukivaa, vidole vyako vinachungulia mdomoni mwa samaki.

Bibi Tatu alicheka mpaka akafuta machozi. Akavaa. Sakafu haikuwa baridi tena.

Chapa, chapa, chapa.
Samaki wawili wanatembea nchi kavu.

Bibi alisema ndala hizi ni za ndani tu. Zisitoke nje ya mlango wa bluu. Paka wa mtaa huu, alisema, hawajui kutofautisha.

Mwamvua akaitikia. Aliitikia vizuri sana, kwa adabu.

Lakini kule madrasa, Mwamvua alisimulia. Aliwaambia wenzake kwamba bibi yake anatembea juu ya samaki.

Kondo akacheka. Kondo ana jino moja tu la mbele. Anacheka kuliko wenye meno yote. Alisema samaki huliwa, havaliwi. Alisema Mwamvua ameota.

Mwamvua hakulia. Alisema, "Kesho utaona."

Kesho ikafika. Bibi Tatu akatandika mkeka. Akavua ndala zake ili asali adhuhuri. Samaki wawili wakabaki nyuma yake, wamekaa kimya.

Bibi akasujudu. Paji la uso liko chini. Haoni nyuma.

Mwamvua akaingiza mguu wa kulia. Akaingiza mguu wa kushoto. Mlango wa bluu ukasema, "Kwiii."

Chapa, chapa, chapa.
Samaki wawili wanatembea nchi kavu.

Ndala zilikuwa kubwa. Mwamvua alikuwa mdogo. Lakini alitembea kifua mbele, kama mtu anayejua anakokwenda.

Mlangoni pa madrasa, kila mtu huvua viatu. Maalim Sudi ana sheria yake. Viatu vipangwe mstari mmoja. Pua zote zitazame nje.

Mwamvua akavua. Akapanga vizuri. Ndala za bluu, ndala nyekundu, raba za Kondo. Na samaki wawili, wanatazama njia.

Kondo alipoona, alifunga mdomo. Aliinama. Akagusa jicho la samaki kwa kidole. Akasema kweli, ni samaki.

Mwamvua akatabasamu mpaka masikioni.

Wakaingia ndani. Wakasoma. Midomo ikasoma, lakini mawazo ya Mwamvua yalibaki mlangoni, kwenye ndala. Hata sisi wakubwa hutupata hivyo. Tunasali, na mawazo yanatoroka kwenda kuangalia viatu. Mungu atusamehe.

Basi, nje akapita paka. Jina lake Shombo. Ni paka wa mtaa mzima, yaani si wa mtu.

Shombo akaona ndala za bluu. Akapita. Akaona raba za Kondo. Akanusa, akapiga chafya, akapita.

Akaona samaki wawili. Samaki wawili wakamtazama.

Nyau.

Somo likaisha. Watoto wakatoka. Mwamvua akatafuta ndala zake.

Samaki mmoja yupo. Samaki mwingine hayupo.

Kondo akasema bila kucheka sana, "Wako amerudi ziwani."

Mwamvua akamwokota samaki aliyebaki. Alikuwa anafikiria miguu ya Bibi. Ana miguu miwili. Samaki mmoja hatoshi.

Maalim Sudi alitoka, akatazama mstari wa viatu. Akaona pengo. Akaona nyayo za paka kwenye vumbi. Akamwonyesha Mwamvua kwa fimbo yake, akamwambia afuate, asikate tamaa.

Mwamvua akavaa samaki mmoja. Mguu mwingine ukabaki wazi.

Chapa, pu. Chapa, pu.
Samaki mmoja anatembea nchi kavu.

Nyayo zilipita kando ya bomba la maji. Watu wa pale bombani wakamuuliza kama leo anatembea na kitoweo. Mwamvua akawaamkia. Akasema anamtafuta mwenzake.

Chapa, pu. Chapa, pu.

Nyayo zilizunguka nyumba ya kijani. Zilipita chini ya kamba ya nguo. Zikakata kona.

Pale konani alikaa Shombo. Hakuwa na samaki. Alikuwa amenuna.

Shombo alikuwa anatazama upande mmoja tu. Alikuwa anatazama kwa Mama Ramla.

Mama Ramla anakaanga samaki. Kila alasiri anawasha jiko, anaweka karai, anamimina mafuta. Mtaa mzima unanukia.

Mama Ramla ana miwani. Lakini hapendi kuivaa. Anaivuta juu, anaificha kwenye mtandio.

Siku hiyo Mama Ramla alikuwa anajisifu. Aliwaambia wateja kwamba paka alitaka kumwibia samaki mkubwa. Yeye kamkimbiza mpaka konani. Kamnyang'anya samaki mdomoni mwa paka. Kamwosha mara tatu.

Akamtia chumvi. Akamkamulia ndimu. Akampaka manjano, mgongo na tumbo.

Sasa samaki huyo yuko mkononi mwa Mama Ramla. Ni wa njano. Ana macho ya duara. Mdomo wake uko wazi.

Mama Ramla akambonyeza. Akasema tangu aanze kukaanga hajaona samaki wa kubonyea na kurudi kama huyu. Labda ni mzee, akasema. Atakaa kwenye mafuta muda mrefu.

Mafuta yanachemka. Chwaa, chwaa.

Mkono wa Mama Ramla ukaenda kwenye karai.

Mwamvua ni mdogo. Wateja ni wakubwa, na wako wengi. Lakini Mwamvua akapita katikati yao. Chapa, pu. Akasimama mbele ya jiko.

"Shikamoo, Mama Ramla. Naomba usimkaange. Huyo ni ndala ya Bibi Tatu."

Mkono wa Mama Ramla ukasimama hewani.

Mwamvua akainua mguu wake. Samaki wa pili huyu hapa. Vidole vitano vinachungulia mdomoni.

Mama Ramla akashusha miwani kutoka kwenye mtandio. Akaiweka puani. Akamgeuza samaki wa njano, akamtazama chini.

"Subhanallah," akasema. "Kumbe ana soli."

Wateja wakacheka. Mama Ramla akacheka kuliko wote, mpaka akakaa kwenye kigoda. Akasema kosa ni lake. Miwani anayo, na haivai kwa sababu ya maringo. Nusura awalishe watu mpira.

Akampa Mwamvua ndala. Akampa Shombo kichwa cha samaki, samaki wa kweli, kwa kuwa naye alidanganyika.

Mwamvua akakimbia bombani. Akaosha ndala. Chumvi ikatoka. Ndimu ikatoka. Manjano haikutoka.

Akasugua kwa mchanga. Akasugua kwa jani. Anayejua jikoni anajua. Manjano ikishika, imeshika.

Samaki mmoja wa kijivu. Samaki mmoja wa njano.

Chapa, chapa, chapa.
Samaki wawili wanarudi nyumbani.

Sasa walitembea polepole.

Bibi Tatu alikuwa amekaa kitandani. Miguu yake haikugusa chini. Aliikunja juu ya godoro, kama kuku.

Sakafu ilikuwa baridi, na Bibi hakuwa na ndala. Hakwenda uani. Hakwenda jikoni. Birika la tembo lilikuwa halijachemshwa.

Mwamvua alificha ndala mgongoni.

Bibi akamwambia ametafuta kwa macho mpaka amechoka. Ndala hazionekani. Halafu akasema anadhani anamjua mwizi.

"Nadhani paka kaingia," alisema Bibi.

Mwamvua akazibana ndala mgongoni.

Ni kweli, paka alichukua. Bibi mwenyewe kasema paka. Ilibaki kutikisa kichwa tu, kukubali. Kichwa kidogo, mara moja, na mambo yangekwisha.

Kutikisa kichwa ni rahisi. Mimi nimewahi kutikisa, na nikakosa usingizi siku tatu.

Mwamvua hakutikisa kichwa. Akavuta pumzi. Akatoa ndala mgongoni, akazishika mbele, moja ya kijivu na moja ya njano.

"Si paka, Bibi. Ni mimi. Nilizichukua ulipokuwa umesujudu."

Bibi Tatu akazitazama ndala.

Mwamvua akaendelea. Alisema yote. Akasema habari za Kondo, na mstari wa viatu, na Shombo, na karai. Akasema pia kwamba aliitikia vizuri, halafu hakufanya alivyoitikia. Hilo ndilo lililokuwa gumu kulisema.

Nyumba ikawa kimya. Kimya sana.

Saa ya ukutani ikasema, "Wau."

Bega la Bibi likatikisika. Halafu la pili. Bibi alikuwa anajizuia kucheka, na kujizuia kukamshinda.

Alipomaliza kucheka, alimwita Mwamvua akae karibu. Akamwambia kwa upole kwamba miguu yake imeuma. Ameshinda kitandani tangu adhuhuri, akimngoja mwizi ambaye kumbe hakumjua.

Mwamvua aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe, mjukuu wangu," alisema Bibi. "Na mimi nina langu."

Bibi akamnong'oneza. Ijumaa iliyopita, yeye Bibi Tatu, alitoka nje ya mlango wa bluu na ndala hizo hizo. Alikwenda mpaka kwa jirani. Alitaka zionekane. Alijivuna njia nzima.

"Wewe, Bibi?" aliuliza Mwamvua.

"Mimi," alisema Bibi. "Chapa, chapa, mpaka kwa jirani."

Wakatazamana. Wakacheka tena, wote wawili.

Jioni Mwamvua akachemsha maji kwenye birika la tembo, Bibi akiangalia. Yakapoozwa kwenye beseni. Mwamvua akaosha miguu ya Bibi, kidole kimoja kimoja. Akaipaka mafuta ya mawese, polepole, mpaka magotini. Hakuna aliyemtuma.

Bibi akavaa ndala zake. Mguu wa kulia ni wa kijivu. Mguu wa kushoto ni wa njano, na unanukia ndimu.

Bibi akatembea hadi mlangoni. Akarudi. Akasema zamani alikuwa anakosea, hajui ya kulia ni ipi, asubuhi akiwa bado na usingizi. Sasa amewekewa alama.

Akasema kesho watakwenda wote madrasa. Ndala zitakuwa ndani ya kapu, na kapu litakuwa na kifuniko. Anayetaka kuziona ataziona. Shombo tu ndiye hataziona.

Wakasali isha pamoja. Safari hii samaki hawakuachwa nyuma. Waliwekwa juu ya kabati, wameelekezwa ukutani, wasitazamane na paka yeyote.

Mwamvua akapanda kitandani. Bibi akamfunika kanga. Mwamvua akaomba dua yake ya kulala. Mwishoni akaongeza maneno yake mwenyewe. Aliomba kesho, akiitikia, awe ameitikia kweli.

Dirishani akapita mtu mwenye masharubu. Akanusa. Ndimu, akanusa tena. Akakumbuka. Akaondoka zake.

Nyau.

Saa ikasema, "Wau," kwa sauti ndogo.

Na juu ya kabati, kimya, midomo wazi,
samaki wawili wamelala nchi kavu.

Hadithi imevua viatu. Nayo inalala.