Kiwiko cha Wendell

Asiyeamini anyamaze: mimi, Lyle, niliyaona yote kwa macho yangu haya mawili, na kutoka Oregon hadi Virginia hakuna dereva wa gari la mizigo mwenye macho kama yangu.

Asubuhi ile, magharibi mwa Kansas, Wendell na dada yake Verna walinitangulia kwa baiskeli, nami nikiwafuata na mizigo yao. Baiskeli mbili. Nikashusha kioo, nikasikia mivumo mitatu ya matairi.

Upepo uliwapiga usoni. Kwenye upepo wa namna hiyo, mwendesha baiskeli wa mbele humkinga wa nyuma, na akichoka hutikisa kiwiko: njoo, zamu yako. Mbele alikuwa Wendell, mstaafu wa posta mwenye moyo mbovu.

"Nipishe, kaka," Verna alisema. "Nimemuahidi mkeo nitakurudisha mzima."

"Na magoti yako hayo yanayolia kama bawaba? Kaa nyuma!"

Verna akasimama dirishani kwangu kujaza chupa ya maji. Kwa upepo ule Wendell hakusikia kwamba amebaki peke yake. Akatikisa kiwiko bila kugeuka.

Kikampita kitu, kikashika zamu mbele yake. Hakikuwa na umbo, ni hewa tu iliyotetemeka juu ya lami, na harufu ya mpira unaoungua. Verna akatupa baiskeli, akaruka garini, nikamfikia kaka yake ubavuni.

"Acha kukanyaga!" Verna akampigia kelele.

"Nimeacha," Wendell akanong'ona. "Miguu inakwenda yenyewe."

Akabana breki hadi vidole vikawa vyeupe, akapinda kifundo achomoe kiatu kilichobanwa kwenye pedali nacho kikakataa, na ghala la nafaka lililoonekana mbele yetu halikukaribia hata hatua moja, na saa yake ya kupima mapigo ya moyo ikalia, ikalia, ikapita mia na tisini, na midomo yake ikaanza kugeuka bluu.

"Jini hili halina kiwiko, Lyle," Verna akaniambia kwa sauti ya chini. "Halitaachia zamu. Rudi nyuma yao."

Nikarudi. Akatoa kichwa dirishani: "Gari nyuma!"

Mwito huo mwendesha baiskeli haubishii. Hukaa pembeni kabla hajafikiri. Nalo likakaa pembeni. Upepo ukampiga Wendell kifuani, akaanguka majanini, viatu vikachomoka, akavuta pumzi.

"Magoti ya bawaba, eti?" Verna akasema, analia na kucheka.

Jini likapotelea shambani, masuke ya ngano yakilipisha njia.

Hapo pa ngano nimetunga. Masuke hayakutikisika. Kilichobonyea ni kiti cha nyuma cha gari langu, na nilipotaka kukanyaga breki, mguu ulikataa.