Marufuku ya Michembe Hewani

"YAH: WATUMISHI KUULIZANA CHAKULA KWENYE REDIO YA UPEPO." Ndivyo ulivyoanza waraka wa mwaka 1994, na Gaudiose, muuguzi wa zahanati huko Katumba, aliusoma akacheka, kisha kicheko kikamkauka.

Chakula kilikuwa na sababu. Tangu mvua zianze, sauti ya Masunga, opereta wa redio hiyo ya kuitana na zahanati, huko Mpanda mjini, ilikuja hewani hata siku ambazo Masunga mwenyewe yuko msibani. Ilikuja bila mkwaruzo, na chumba kikanuka udongo wa kaburi bichi. Wakapatana: kwanza Gaudiose aulize, "Kaka, umekula nini?" Masunga wa kweli ajibu, "Michembe," vile viazi vitamu vya kukaushwa, hata kama amekula wali. Ile nyingine, ikiulizwa, ilikaa kimya ikipumua.

"Majini hayamo kwenye muundo wa utumishi," alisema Bwana Osward wa ofisi ya afya. "Atakayetaja chakula tena, nje!"

Kisha mchana mmoja Aline, binti pekee wa Gaudiose, akashikwa na uchungu, na damu ikatangulia mtoto.

"Mpanda, naomba gari! Ova."

"Limeshatoka, dada," ilijibu sauti ya Masunga. Safi. Bila mkwaruzo.

Gaudiose alifungua mdomo aulize. Akaufunga, akijiambia waraka umekataza. Kumbe alitaka mno liwe limetoka.

Lori la tumbaku likasimama nje. "Mama Aline," dereva Ponsian aliita, "nateremka mjini. Tumpakie?"

"Atatikisika, baba. Gari linakuja, lina daktari."

Lori likaondoka.

"Mama," Aline alinong'ona, "linakuja kweli?"

"Limeshatoka, mwanangu."

Redio ikaanza kusema yenyewe, limefika darajani, limefika sokoni, na kila iliposema harufu ya udongo ilizidi, hadi Gaudiose akazing'oa nyaya za betri, nayo ikaendelea kwa sauti ileile ya upole, limekata kona, liko mlangoni, dada, fungua, akakimbia akafungua, akakuta mvua tupu na barabara isiyo na alama ya tairi ila za lori la Ponsian, na nyuma yake kitandani mtu akawa anapumua vile redio ilivyopumua ikiulizwa, na hakuwa Aline.

Masunga hakupokea wito wowote siku ile. Gari halikutoka Mpanda. Aline alikufa kabla ya jioni, na mtoto wake hakulia.