Namba Ishirini na Tatu Inabisha Hodi

Siku ile walikuwepo watano ndani ya nyumba: Baba Donge, mkewe Mama Donge, mtoto wao Donge mwenye mwaka mmoja na nusu, Wifi Mkubwa ambaye ni dada yake Baba Donge, na fundi wa mitandao aliyeitwa kwa simu. Bibi, aliyewazaa Baba Donge na Wifi Mkubwa, alikuwa amefariki miezi miwili nyuma.

Ilikuwa inakaribia saa nane mchana. Mlango wa mbele ulikuwa wazi na jua limeingia mpaka katikati ya sebule. Mama Donge alikuwa anakunja nguo za mtoto, na Wifi Mkubwa amempakata Donge anamlisha ndizi, naye Donge anamrudishia nusu ya kila tonge mdomoni.

"Huyu mtoto mkarimu," Wifi Mkubwa alisema. "Sijui kamrithi nani. Baba yake alikuwa anajificha chooni kula andazi."

"Dada, tuheshimiane, kuna mgeni," Baba Donge alisema, na fundi akacheka.

Wifi Mkubwa alifanya kazi mbali, na siku ya mazishi alinyimwa ruhusa. Safari hii alipata siku tatu tu, na gari lake lilikuwa linaondoka jioni hiyo. Alikuwa na ombi moja: asikie sauti ya mama yake kabla hajaondoka. Asubuhi, wakiwa jikoni, alikuwa amemshika Mama Donge mikono yote miwili, mikono yenye povu la sabuni, akamwambia, "Wifi yangu, wewe ndiye uliyemwosha mama yetu. Mimi nilikuwa wapi? Sitakusahau."

Mama Donge alikuwa ameangalia chini. Alisema chai inachemka, kumbe hata jiko hakuwa amewasha.

Sauti ya Bibi ilikuwepo. Chini ya televisheni palikuwa na kisanduku cheusi, ukubwa wa tofali, chenye taa ndogo nne. Baba Donge alikileta ili picha za familia zisipotee kila simu inapoharibika. Kila mtu alipewa akaunti yake, jina na neno la siri. Bibi alitumia tableti yake akiwa kitandani. Alipenda kuangalia picha za mjukuu, na alipenda kujirekodi akiongea, habari za zamani, habari za leo, na kila alichorekodi kilikwenda chenyewe kuhifadhiwa kwenye kisanduku.

Tatizo, akaunti ya Bibi ilikuwa haifunguki. Baba Donge alijaribu wiki nzima. Neno la siri la Bibi walilijua wote, lilikuwa jina halisi la Donge na tarehe aliyozaliwa. Kisanduku kilikataa.

Fundi alichomeka waya kutoka kwenye kompyuta yake hadi kwenye kisanduku, akaketi sakafuni. Alikuwa kijana mpole, wa kuvua viatu hata alipoambiwa asivue.

"Akaunti imejifunga," alisema. "Mtu akikosea neno la siri mara nyingi, kisanduku kinamfungia. Ni kinga tu. Nimeiondoa sasa, ila neno la siri bado linatakiwa. Nani amekosea mara nyingi?"

"Mimi," Baba Donge alisema. "Labda mara kumi."

Fundi alisogeza uso karibu na kioo. "Siyo kumi, kaka. Hapa naona elfu na kitu."

Mama Donge aliacha kukunja nguo.

"Kila kifaa ndani ya nyumba kina namba yake," fundi aliendelea. "Simu yako ni kumi na moja, ya shemeji kumi na nne, televisheni kumi na saba. Sasa huyu ishirini na tatu ni nani? Ndiye anayebisha hodi. Anakuja, anakosea, anarudi. Kila siku."

Baba Donge alijikuna kichwa. "Ishirini na tatu ni tableti ya Mama. Niliipa namba hiyo isibadilike. Lakini iko kabatini chumbani kwake, haijawashwa tangu..."



"Basi kuna mtu anaichezea," fundi alisema. "Ngoja nikusomee. Saa nne na dakika kumi asubuhi. Saa nane mchana. Saa kumi na moja jioni. Kila akija anajaribu mara nne, tano. Hivyo hivyo, kila siku."

Mama Donge alizijua saa hizo. Saa nne baada ya Bibi kuogeshwa. Saa nane baada ya dawa. Saa kumi na moja mtoto akilala.

"Ilianza lini?" Wifi Mkubwa aliuliza.

Fundi alitaja tarehe. Baba Donge alihesabu kwa vidole. "Siku kumi na tisa kabla Mama hajafa. Kwa hiyo alikuwa anajaribu mwenyewe? Anakataliwa? Mbona hakuniambia?" Akamgeukia mkewe. "Wewe ulikuwa naye mchana kutwa. Hakukwambia?"

"Hapana," Mama Donge alisema.

Uongo ulimtoka kirahisi. Masikio yalimwaka moto.

Maana Bibi alimwambia. Alimwambia kila siku, kwa adabu, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. *Mwanangu, hiki kitu kinanikataa. Niangalizie kidogo.* Naye alijibu bila kugeuka, mkono mmoja kwenye beseni, "Mtandao mbovu, Mama."

Mtandao haukuwa mbovu.

Siku moja alipokuwa anafuta vumbi aliiona tableti iko wazi, akabonyeza rekodi ya siku hiyo. Akaisikia sauti ya Bibi: *Leo mke wa mwanangu kanisahau chai mpaka imekuwa mchana.* Hakusikiliza zaidi. Alikuwa hajalala siku tatu, mtoto anaota meno, mgonjwa anaita, halafu ndiyo asemwe? Alikuwa amemfungulia Bibi akaunti ile yeye mwenyewe, kwa hiyo alijua pa kubonyeza. Alibadilisha neno la siri. Alijiambia ni kwa siku moja tu, hasira ziishe. Siku ya pili aliona haya kusema. Siku ya tatu haya ikazidi. Siku ya kumi na tisa Bibi akafa.

"Leteni hiyo tableti," fundi alisema.

Baba Donge aliileta, imefungwa ndani ya kitambaa cha kichwa cha Bibi. Fundi alibonyeza kitufe. Akachomeka chaji, akasubiri. Akaigeuza. Mgongo ulikuwa umevimba.

"Betri imekufa kabisa," alisema. "Hii haiwezi kuwaka."

Kwenye kompyuta mstari mpya ulitokea. Ishirini na tatu. Amekosea neno la siri.

Fundi aliangalia tableti iliyo mkononi mwake. Akaiangalia kompyuta.

"Irudishe ulikoitoa, kaka," alisema taratibu.

Baba Donge aliirudisha kabatini, akafunga mlango wa chumba. Fundi alinyoosha mkono akazima ruta, kifaa kinachosambaza mtandao. Taa zake zikafa. Sasa hapakuwa na mtandao wa hewani nyumba nzima, palikuwa na ule waya mmoja tu kati ya kompyuta na kisanduku.

Walisubiri.

Mstari mwingine ulitokea. Ishirini na tatu.

Na mwingine.

Donge aliacha kula. Aligeuza kichwa kuelekea chumbani kwa Bibi, akatabasamu, akapunga mkono uliojaa ndizi.

Ndipo wote wakasikia. Tik. Tik. Tik. Kucha juu ya kioo. Polepole, kwa kidole kimoja, kama anavyoandika mtu asiyeona vizuri.

"Panya," Baba Donge alinong'ona.



"Mimi ninachoweza," fundi alisema, na sauti yake imeshuka, "ni kuifuta hii akaunti. Kelele zitaisha. Lakini folda yake imefungwa kwa neno lake la siri. Nikiifuta, picha na sauti zote zinapotea. Hazirudi."

Wifi Mkubwa alimkumbatia Donge. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. "Futa," alisema. "Hata kama sitamsikia. Mama yangu asihangaike mlangoni hivyo. Futa."

Fundi aliweka kidole kwenye kitufe.

Tik. Tik. Tik.

"Usifute," Mama Donge alisema.

Walimgeukia. Fundi peke yake hakumtazama. Alijifanya anasafisha kioo cha kompyuta kwa mkono wa shati, na Mama Donge aliuona wema huo, na wema huo ulimwumiza kuliko macho ya wengine.

"Neno la siri nalijua. Nililibadilisha mimi."

"Ulilibadilisha lini?" Baba Donge aliuliza.

"Siku kumi na tisa kabla."

Kule chumbani kucha zilinyamaza. Kama mtu aliyetega sikio.

"Liseme," Wifi Mkubwa alisema.

Mama Donge alitamani liwe neno lolote lingine duniani. Jina la ua. Namba. Alijaribu kumsogelea fundi amnong'oneze sikioni, lakini fundi alitikisa kichwa. Basi alilisema palepale, mbele ya mume, mbele ya wifi, mbele ya mtoto.

"Nimechokanawewe. Bila nafasi. Herufi ndogo zote."

Baba Donge alifumba macho.

Fundi hakuandika kitu. Mikono yake ilikuwa juu, mbali na vitufe, kila mtu anaiona. Kutoka chumbani ilisikika tik moja baada ya nyingine, haraka, bila kukosea. Wifi Mkubwa alizihesabu kwa midomo. Zilifika kumi na tano, kisha moja ya kuingia.

Mstari ulitokea, wa kijani. Ishirini na tatu. Ameingia.

Taa nne za kisanduku zilianza kumetameta. Orodha ikawa inajiandika yenyewe. Picha imefunguliwa. Donge anaoga. Picha imefunguliwa. Donge na ndoo. Donge amelala kifuani kwa baba yake. Moja moja, kila picha dakika nzima. Hakuna aliyeinuka. Hakuna aliyekunywa maji. Ilipita saa moja.

Halafu, sauti imefunguliwa.

Ilitoka nyuma ya mlango uliofungwa. Ndogo, kavu, ya mtu aliyelala chali.

*Leo mke wa mwanangu kanisahau chai mpaka imekuwa mchana.* Hapo ndipo Mama Donge alipoizima siku ile. Sasa iliendelea. *Msimseme. Usiku kucha alikuwa na mtoto, nimemsikia analia jikoni, anaziba mdomo nisisikie. Chai siyo kitu. Binti yangu akija, amnunulie huyu msichana viatu. Vyake vimepasuka, anaficha miguu.*

Mstari wa mwisho. Ishirini na tatu. Ametoka.

Mama Donge alikuwa sakafuni. Hakujua alifikaje. Alitaka kuficha uso, akakuta ameficha miguu.

Fundi alinakili kila kitu kimyakimya, akaweka nakala kwenye simu ya Wifi Mkubwa, akavaa viatu nje. Baba Donge aliingia chumbani akafungua kabati. Tableti ilikuwa imezima, imefungwa kitambaani vilevile. Ilikuwa ya moto. Na kioo, ambacho Mama Donge alikifuta kwa spiriti siku ya mazishi, kilikuwa na alama za kidole chenye mafuta, yale ya kujichua magoti, na harufu yake ikajaa chumba. Alama zilirundikana chini, mahali pa herufi.

Mama Donge amezifuta mara tatu tangu siku hiyo. Asubuhi zipo.

Wifi Mkubwa aliondoka jioni ile bila kumwambia kitu. Viatu vilifika kwa basi mwezi uliofuata, bila barua, na vilimkaa sawasawa.