Mlango wa Pua

"Useme Nasifu aliitoa ile pini ya mlango mwenyewe, hakuna aliyemwagiza," Alfred alisema. "Basi. Hayo tu, mpenzi wangu."

Fortunata alikuwa ameketi kwenye ngazi ya ndege. Sakafu ya karakana ilikuwa imeoshwa, lakini harufu ya damu bado ilikuwepo, imechanganyika na sabuni.

"Mimi ndiye niseme?"

"Si wewe ulikuwa ndani unashona viti? Polisi lazima wakuulize. Wanakuja mchana huu na mkalimani."

Karakana yenyewe ipo Dubai Investments Park. Ndani yake kulikuwa na ndege kuukuu ya Waingereza, ya miaka ile baada ya vita kuu ya pili, iliyokuwa ikivusha magari na wenye magari juu ya bahari. Pua yake ilifunguka kama kabati, milango miwili mizito ya chuma. Magari yaliingilia huko, abiria wakakaa nyuma. Arbab mmoja, tajiri wa Kiarabu, aliinunua aigeuze mgahawa. Alfred, kijana wa Moshi, ndiye aliyesimamia kazi. Fortunata, mchumba wake, alishona viti. Na Nasifu wa Tanga, fundi vyuma, ndiye aliyewakutanisha hawa wawili.

Jana yake mlango mmoja wa pua ulichomoka ukamwangukia Nasifu kifuani. Ambulensi ilimkuta ameshakata roho.

"Alfred, niangalie. Ulimwagiza au hukumwagiza?"

"Nilimwambia asubiri kreni. Haki ya Mungu, Fortu. Naapa kwa ndoa yetu."

Jana Fortunata alikuwa amepiga magoti nyuma ya viti, sindano mkononi, na alisikia kila neno. Nasifu alikuwa akikataa, anasema mlango ule bila kreni utaua mtu. Alfred akamkemea: "Arbab anakuja baada ya Alasiri, anataka kuona gari likiingia! Toa hiyo pini. Yalla!" Alfred hakujua kwamba sauti yake ilifika hadi kwenye viti. Tangu hapo Fortunata alikuwa akimwombea kimoyomoyo aseme kweli kwa kinywa chake mwenyewe.

Simu ya Alfred ikaita. Alikuwa Joha, mke wa Nasifu, anapiga kutoka Tanga. Alfred akaiweka kwenye spika.

"Nisaidie kumfariji," alinong'ona.

"Shemeji Alfred," Joha alianza. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kulia. "Ujumbe wako nimeusoma. Kwamba alikaidi."

"Ndiyo hivyo, shemeji. Pole sana."

"Hapa nyumbani hakuwa mkaidi. Lakini mtu akikaa mbali, huwezi kujua." Akavuta pumzi. "Nakuomba umsamehe. Amekuingiza matatani na kazi ya watu. Msamehe, shemeji, asiende kaburini na kinyongo chako."

Fortunata alimkazia Alfred macho, akangoja. Sema, baba. Sema sasa hivi.

"Nimemsamehe," Alfred alisema.

Fortunata aliinuka akampokonya simu.

"Joha, ni mimi Fortunata. Mumeo hakukaidi. Alikataa, akalazimishwa. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Alfred ndiye aliyemwagiza."

Upande wa pili ukatoka ukelele ambao Fortunata hataki kuukumbuka hadi leo.

"Na mimi nimemwomba msamaha! Ya Rabi, mimi nimemwomba yeye msamaha!"

Simu ikakatika.

"Umenimaliza," Alfred alisema taratibu.

"Umemsamehe, Alfred! Marehemu umemuua wewe, halafu unamsamehe?"

"Nilikuwa naogopa! Desemba tunafunga ndoa. Mama yako ameshatangaza kanisani. Ningefanyaje? Nilikuwa natuokoa."

"Usinitie humo. Mimi sikuwa nazama."

Alfred akaketi chini, pale pale sakafuni penye maji, akajifunika uso.

Polisi walipofika, mkalimani wao alikuwa mzee Khelef, Mzanzibari wa siku nyingi Dubai, mpole wa maneno. Akamgeukia Fortunata.

"Mwanangu, tueleze ulichokishuhudia. Usikhofu."

Kabla Fortunata hajafumbua mdomo, Alfred alisimama.

"Mzee, msimsumbue. Mimi nilimwagiza. Alikataa, nikamlazimisha. Waambie hivyo hivyo."

Mzee Khelef akayapeleka maneno yale kwa Kiarabu, bila kupunguza neno. Hakuna aliyepiga kelele. Walimwongoza Alfred nje kwenye jua. Mlangoni akageuka.

"Utanisubiri, Fortu?"

Machozi yalikuwa yakimtiririka Fortunata, asijifute. Alimpenda. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Nitakuletea nguo za kubadili," alijibu. "Kukusubiri... usiniulize leo."

Gari liliondoka. Fortunata akapiga namba ya Tanga. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

"Joha?"

"Dada, usiseme kitu," Joha alisema. Nyuma yake wanawake walikuwa wakilia. "Usiseme kitu, ila usikate."

Fortunata akaegemea ukuta wa karakana, simu sikioni, wala hakukata.